Kishoka Alichopewa na Mamake: Uzoefu Wangu na Hatchet ya Gary Paulsen

Kitabu hiki nilikinunua Mji Mkongwe, kwenye meza ya vitabu kuukuu, kwa shilingi elfu sita. Jalada limepauka na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai. Muuzaji kaniapia kuwa kimetimia, hakikosi kitu. Nilipofika nyumbani nikakuta ukurasa mmoja umechanika nusu, na ukurasa wenyewe ndio ule kijana anapohangaika kuwasha moto. Niliudhika sana. Ilibidi nimwombe mwalimu mmoja nakala yake nikanakili maneno yaliyopotea kwa kalamu, nikayabandika kwa gundi. Kwa hiyo mkinunua vitabu kuukuu, vipekueni hapo hapo mezani, ukurasa kwa ukurasa, kabla hamjatoa pesa.

Nilikuwa namtafutia mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 13, na tangu wazee wake waachane anakaa nasi hapa Wete, Pemba. Mamake yuko Unguja. Mwalimu wake wa Kiingereza aliniambia, "Bibie, mpe kitabu chochote cha hadithi, asome tu." Nikaona nyuma ya hiki kimeandikwa habari za kijana wa miaka 13, msitu na kishoka. Nikasema basi, huyu umri wake na wa kwetu ni mmoja. Sikujua kama mengine pia ni mamoja.

Nilikianza usiku ndani ya meli, kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba. Watu wamelala juu ya mikeka, bahari ya mkondo inatutikisa, na mimi chini ya taa nasoma habari za ndege ndogo ya watu wawili inayoruka juu ya misitu ya Kanada. Ndani yake yumo rubani na Brian Robeson. Brian anakwenda kwa babake anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta huko kaskazini, kwa sababu wazee wake wametalikiana na mahakama imepanga likizo akae kwa baba. Rubani anaanza kujisugua bega, analalamika mkono unamuuma, mara anajikunja na kufa pale pale kwenye usukani. Ugonjwa wa moyo. Mtoto anabaki peke yake angani. Anajaribu redio mpaka inanyamaza, anashikilia usukani mpaka mafuta yanakwisha, kisha anaiangusha ndege ziwani kwa sababu ziwa ndilo pekee lisilo na miti.

Nilijikuta nimeshika nguzo ya benchi.

Kuanzia hapo ni siku 54 msituni. Alichonacho hasa ni nguo zake, noti moja ya dola 20, na kishoka kilicho kiunoni. Hicho kishoka alipewa na mamake walipokuwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Naomba mliweke hilo akilini, nitalirudia.

Wengi wanakisifu kitabu hiki kwa mambo ya hatari: dubu, kimbunga, yule mnyama mkubwa wa jamii ya paa anayemkanyaga majini. Yapo, na yanatisha kweli. Kwangu mimi, utamu wake uko kwenye kujifunza kuona. Brian ana njaa, na anajua kuna ndege wa mithili ya kwale pembezoni mwa ziwa, lakini hawaoni mpaka wanaporuka mbele ya uso wake kwa kishindo. Siku nyingi anatembea baina yao bila kuwaona. Halafu inamjia kwamba kosa lake ni kutafuta rangi na manyoya. Anaanza kutafuta umbo tu, duara la mwili lililochongoka upande wa kichwa, na ghafla anawaona kila mahali.

Hapa nilikiweka kitabu chini nikamkumbuka bibi. Maji yakitoka, alikuwa akitupeleka pwani kuchokoa pweza, sisi watoto macho yametutoka tunatafuta mikono ya pweza, tusione kitu. Bibi anasema, "Msimtafute yeye. Tafuteni mlango wake." Mlango wa pweza una vijiwe vilivyosogezwa na maganda ya kome na kaa aliowala, yamemwagwa nje kama takataka za jikoni. Ukishaujua mlango, mwamba mzima unakuwa mtaa wenye nyumba. Huyo mwandishi wa Minnesota, Marekani, hakupata kumwona bibi yangu, lakini jambo wanalolisema ni moja. Hata pale Brian anapowapiga samaki kwa upinde na mshale na kuwakosa kila mara, mpaka akumbuke kuwa maji yanapinda mwanga na inabidi alenge chini ya pale anapomwona samaki, mvuvi yeyote wa hapa atacheka kwa furaha, kwani hayo ndiyo ya kwanza kufunzwa.

Na njaa ameiandika mtu anayeijua. Siku za mwanzo Brian anakuta vitunda vyekundu vichungu, anavibugia kwa sababu ndege wanavila, usiku tumbo linamkata mpaka anajikunja. Baadaye anapata matunda mengine matamu, mekundu kama forosadi, na hapo ndipo anapokutana na dubu. Wazee wetu walipata kula chochoni nyakati za dhiki, na wanajua vyema kuwa mzizi wa mwituni hauliwi kwa pupa. Unakatwa vipande, unarowekwa, maji yanamwagwa, unarowekwa tena, ama sivyo unakuua. Brian hana wa kumwambia hayo. Mwalimu wake ni tumbo lake mwenyewe.

Sehemu ya moto, ile ya ukurasa wangu uliochanika, ndiyo iliyomkamata kijana wangu. Nungunungu anaingia gizani kwenye pango la Brian, Brian anakirusha kishoka, kinamkosa mnyama na kugonga ukuta wa mwamba, cheche zinaruka. Miba imeshamjaa mguuni. Asubuhi anatambua kuwa moto anao, umo ndani ya chuma na jiwe. Lakini cheche si moto. Anaweka majani makavu, zinazimika. Anaichana ile noti ya dola 20 vipande vidogo vidogo, zinazimika. Mwisho anabandua ganda la mti mweupe wa huko, analichambua nyuzi nyembamba kama nywele, analifanyia kiota, na hata hapo hakuwaki mpaka akumbuke kupuliza. Kurasa nzima kwa mwali mmoja. Kijana wetu alisoma mara mbili, kisha nikasikia nyuma ya nyumba kang, kang, kang. Nikatoka nikamkuta na mundu wa babu anagonga jiwe la ukuta. Nikamwambia, baba, hilo ni jiwe la matumbawe, ni chokaa tupu, litakuvunjikia tu, halitoi cheche. Mwamba wa Brian ulikuwa na mawe meusi magumu ndani yake. Aliniangalia kama niliyemdhulumu.

Mwandishi mwenyewe ana habari ya kusimuliwa. Gary Paulsen alizaliwa Minneapolis mwaka 1939. Baba alikuwa askari, akawa mbali vitani. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha Chicago, na wote wawili ulevi uliwashinda. Akiwa mtoto mdogo kabisa alipelekwa shambani kwa jamaa zao kaskazini mwa Minnesota, mume na mke waliomlisha, wakampa kitanda chake na kazi zake. Hayo kayasimulia katika Gone to the Woods, kilichotoka mwaka 2021, na humo hajiiti "mimi". Anajiita "yule mtoto", tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mimi ninayelea mtoto wa ndugu yangu, maneno hayo yaliniingia ndani.

Baadaye akarudishwa kwa wazee wake, na mambo hayakuwa mema. Alikuwa akiuza magazeti kwa walevi vilabuni, analala kwenye chumba cha chini ya jengo au msituni kuliko kukaa ndani. Usiku mmoja wa baridi kali aliingia maktaba ili apate joto. Mwanamke wa maktaba akamuuliza kama anataka kadi, akamwandikia yenye jina lake, akampa kitabu. Paulsen aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote. Aliandika zaidi ya vitabu 200, na kila alipoulizwa vimetoka wapi, alimrudia yule mama wa maktaba.

Mengi ya Brian aliyapitia au aliyajaribu kwanza. Aliwahi kujitolea kwenye gari la wagonjwa, akaona watu wakifa kwa moyo mbele yake, ndiyo maana kifo cha rubani kinasomeka kama kitu kilichoonekana kwa macho. Alikaa na jiwe na kishoka mpaka akapata moto kwa cheche. Kitu kimoja kilimshinda: mayai mabichi ya kobe, ambayo Brian anayala ufukweni. Yeye aliyatapika. Ameyaeleza katika kitabu kiitwacho Guts cha mwaka 2001. Aliendesha pia sleji ya kukokotwa na mbwa kwenye mbio za Iditarod kule Alaska, mwaka 1983 na 1985, zaidi ya kilomita 1,600 za barafu. Alifariki Oktoba 2021 akiwa na miaka 82.

Sasa kasoro. Mwandishi ana tabia ya kurudia neno lile lile, sentensi baada ya sentensi, na wapo watakaochoka. Mimi niliizoea, kwa kuwa ndivyo mtu mwenye hofu anavyowaza. Mwisho wake umekuja mbio mno: siku nyingi tumekaa na mtoto huyu, mara mkia wa ndege unaibuka kwenye maji baada ya kimbunga, anauogelea, anapata mkoba wa dharura, anabonyeza mtambo wa kuita msaada bila kujua kuwa unafanya kazi, na rubani mnunuzi wa ngozi anatua. Nilitaka nione anavyofika nyumbani. Tumepewa kurasa chache tu za nyongeza.

Wazee pia wajue jambo hili. Ndege ya uokozi inapita juu yake, inageuka na kuondoka, na katika usiku wa kukata tamaa kunakofuata Brian anataka kujidhuru. Mwandishi hakurefusha, na haraka anatuonesha kijana aliyekataa kufa. Hata hivyo mimi nilimwambia wetu mapema, kabla hajafika, tukazungumza. Msimwachie mtoto wa miaka kumi akutane nalo peke yake. Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa sekondari atakimudu. Kina sura 19 fupi fupi. Mwaka 1988 kilipata heshima ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, na Brian ana vitabu vinne vingine baada ya hiki, kuanzia The River.

Nimeahidi kurudi kwenye kishoka. Ndani ya moyo wa Brian kuna kitu kinachoitwa Siri. Alimwona mamake ndani ya gari na mwanamume mwingine, babake hajui, na hasira yake yote iko kwa mama. Karibu kila mama anapotajwa ni kwa Siri hiyo. Nilisoma mpaka mwisho ndipo nikashtuka: kila kitu kilichomweka hai yule mtoto, moto, upinde, mkuki, ukuta wa pango, kimetoka kwenye kile kishoka, na kishoka kimetoka mkononi mwa mama. Mwandishi halisemi wazi. Aliyekasirikiwa kurasa zote ndiye aliyeokoa. Mimi ni shangazi, niko upande wa kaka yangu, na tangu talaka ile sikuwa nimemtaja mama wa mtoto huyu kwa neno moja jema mbele yake. Sikumtukana, lakini nilinyamaza, na mtoto anasikia kimya pia.

Sikumwambia hayo. Niliogopa nitaharibu.

Alikimaliza Ijumaa moja, baada ya chakula. Nilikuwa nakunja nguo, akaja akakaa karibu na kapu.

"Shangazi, hakumwambia babake ile Siri."

"Ndiyo. Alikaribia, hakusema."

Akakaa kidogo, anavuta uzi wa mkeka.

"Na kile kishoka kapewa na mamake."

Nikamwambia ndiyo, kapewa na mamake.

Wiki iliyopita skuli zimefungwa, anakwenda Unguja kwa mama. Katika begi lake nilimpangia nguo, kilo moja ya ngisi wakavu na maandazi ya njiani. Nilipolifungua tena kutia taulo nikakikuta kitabu kipo katikati ya mashati, kakifunga kwa kipande cha khanga yangu kuukuu, na ukurasa wa kishoka kauwekea kijiti cha karafuu.