Taa janja, plagi, spika na kamera baada ya miezi 18: zima ruta kwanza ndo ununue

Nimekaa na hivi vitu vya nyumbani vinavyoongozwa kwa simu mwaka na nusu sasa, balbu 6, plagi 2, spika moja ya kuongea nayo na kamera moja ya mlangoni, vyote vya kampuni moja, alafu baadae nikaongeza plagi nyingine 2 za kampuni tofauti. Nimeona niandike maana kila nikitafuta maoni ya watu kuhusu hizi taa nakutana na video za siku ya kwanza tu, mtu anafungua boksi, anawasha taa ya zambarau, anasema iko poa, kaishia hapo. Siku ya kwanza kila kitu kiko poa. Mi nataka nikwambie habari za mwezi wa 10 na za mwezi wa 14.

Tuanze na kuziunga. Balbu za waifai karibu zote zinasoma masafa ya 2.4 GHz tu, na ruta yangu inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, kwa hiyo simu imekaa kwenye 5 na balbu inahangaika kwenye 2.4, hazionani. Jioni nzima iliishia kwenye ngazi, napanda nafungua nafunga balbu, inapepesa pepesa inazima. Nilipoingia kwenye setingi za ruta nikatenganisha hayo masafa kila moja na jina lake, zote 6 ziliingia ndani ya robo saa. Kwenye kile kikaratasi cha maelezo hilo jambo halijaandikwa popote, na ndo sababu watu wengi wanarudisha balbu nzima kabisa wakidhani ni mbovu.

Zikishaingia, mwanga wake ni mzuri, tena mzuri sana. Jioni taa ya sebuleni inaanza kwenda kwenye unjano taratibu na macho yanapumzika yenyewe. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa anaogopa kwenda chooni usiku, nikapanga ikifika saa 4 taa zote zishuke mpaka asilimia 5 na ziwe nyekundu, na tangu wiki hiyo anaenda mwenyewe bila kumwamsha mtu. Hilo pekee lilinifanya nisahau ule usumbufu wa ngazi.

Shida ya kwanza ililetwa na swichi ya ukutani. Taa janja inataka swichi iwe imewashwa muda wote, ukiizima pale ukutani balbu inakosa umeme na apu inakuandikia kifaa hakipatikani. Mama alikuja kukaa na sisi mwezi mzima, na mama ni mtu wa kuzima taa akitoka chumbani, ndivyo alivyotulea. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, mbona swichi mmezibandika gundi, taa zimeharibika?" Nikamweleza kuwa zinazimwa kwa simu. Akanyamaza kidogo akasema, "Na asiye na simu mkononi saa hizo?" Sikuwa na jibu, kwa kweli sikuwa nalo.

Nikaita fundi tubadilishe swichi zenyewe ziwe janja badala ya balbu, akafungua boksi la ukutani akakuta waya 2 tu, wa moto na ule unaopanda kwenye taa, hamna nyutro, yaani ule waya wa kurudisha umeme. Swichi janja nyingi zinataka nyutro ili zipate umeme wa kubaki macho hata taa ikiwa imezimwa, na nyumba nyingi za zamani hazikuvutwa hivyo. Zipo zisizohitaji nyutro, ila fundi akasema na balbu ndogo za LED mara nyingine zinaacha mwanga hafifu au zinacheza cheza. Kwa hiyo kabla hujaagiza swichi mwambie fundi afungue ukuta aangalie kwanza, usisome tangazo tu. Mimi nikanunua vitufe vya kubandika vya kampuni ile ile, vinatumia betri ya duara kama ya saa, kimoja kikakaa kitandani kwa mama na kingine chumbani kwa binti.

Alafu umeme. Ulikatika usiku ukarudi saa 9, na balbu zote 6 zikawaka kwa pamoja, nyeupe, asilimia 100, nyumba nzima mchana. Binti analia, mama anauliza kumekucha? Kumbe ndivyo zinavyotoka kiwandani, umeme ukirudi ziwake kwa nguvu zote. Kwenye apu kuna setingi ya kubadilisha, imefichwa balbu kwa balbu, unachagua "kumbuka hali ya mwisho". Nikabadilisha zote nikaona nimemaliza kazi.

Sasa mwezi wa 14. Saa 7 usiku binti kapandisha homa, mwili wa moto kabisa. Taa ziko asilimia 5, nyekundu, kama zilivyopangwa. Nabonyeza kitufe, kimya. Nafungua apu, kifaa hakipatikani, vyote, na waifai ipo, intaneti ipo, meseji zinaingia kama kawaida. Naiambia spika iwashe taa, inasema kuna tatizo, jaribu tena baadae. Nikaenda ukutani nikang'oa ile gundi nikazima swichi nikawasha, taa ikarudi vile vile asilimia 5 nyekundu, maana si nilishaiambia ikumbuke hali ya mwisho! Mke wangu kashika kikombe cha dawa, kile cha plastiki chenye mistari ya mililita, na mistari yenyewe imechapwa kwa rangi nyekundu. Chini ya mwanga mwekundu ile mistari haipo kabisa, kikombe kinaonekana kitupu hakina alama hata moja. Tulipima dawa kwa tochi ya simu, mimi namshikia mtoto kichwa na yeye kaibana simu kwa kidevu. Homa ilishuka alfajiri, mtoto yuko salama, lakini ile picha ya kikombe kisicho na mistari haijanitoka.

Niliwaandikia kampuni. Baada ya siku 2 wakajibu kwamba seva zao, yaani zile kompyuta zao za mbali zinazoongoza vifaa, zilikuwa kwenye matengenezo na wanashukuru kwa uvumilivu. Ndo nikaelewa kitu ambacho nilitakiwa niambiwe siku nanunua: kile kitufe kilichobandikwa mita 3 kutoka kwenye taa hakiongei na taa. Amri inatoka kwenye kitufe inapita kwenye ruta inaenda seva ya kampuni huko mbali, seva ndo inarudi kuiambia balbu iwake. Seva ikilala, nyumba yako imelala. Balbu nzima, waifai nzima, mwenye nyumba yupo, na hakiwaki kitu.

Na hiyo ni seva kulala usiku mmoja tu, kuna watu seva zao hazikuamka tena. Revolv kilikuwa kifaa cha kuongoza taa na vitu vya nyumbani, Nest, kampuni ya Google, wakainunua kampuni hiyo 2014, na Mei 2016 huduma ikazimwa, vifaa vikabaki plastiki mezani. Insteon, kampuni nyingine ya taa janja, walizima seva Aprili 2022 bila hata taarifa, wateja wakaamka taa haziitikii, mpaka kundi la wateja wenyewe lilipoinunua kampuni mwezi Juni mwaka huo huo wakairudisha hewani. Kwenye upande wa vifaa vya kubeba mwilini, ile AI Pin ya kampuni ya Humane, kifaa cha akili bandia cha kubandika kwenye nguo, iliyotoka 2024 na kelele nyingi, haikumaliza mwaka, Februari 2025 HP wakanunua mali za kampuni hiyo na tarehe 28 mwezi huo huo huduma ikakatwa. Na tarehe 20 Oktoba 2025 seva za AWS, zile ambazo Amazon wanazikodisha kwa kampuni nyingine, zilipopata hitilafu, vifaa vya nyumbani vya watu wengi vikagoma siku hiyo, kuna mpaka vitanda vya kisasa vilivyokataa kufuata amri. Nikisoma malalamiko ya watu wa matukio yote hayo, neno ni lile lile, nililipia, kipo kwangu, lakini si changu.

Ndo maana siku hizi nikiulizwa na mtu ninunue ipi, sitaji kampuni, namwambia afanye jaribio moja kabla risiti haijapitwa na muda wa kurudisha. Unga kifaa, kikishakubali, zima ruta intaneti isiwepo kabisa, alafu jaribu kila kitu: swichi, kitufe, rimoti. Kisha washa ruta lakini chomoa ule waya unaoleta intaneti kutoka nje, waifai ibaki ya ndani tu, jaribu tena na apu. Kinachofanya kazi hapo ndo kitu ulichonunua kweli, kinachobaki ni cha kuazimwa. Na kwenye boksi tafuta alama ya Matter. Huo ni utaratibu wa pamoja ulioanza Oktoba 2022, Apple, Google, Amazon na Samsung wote wamo, na amri zake zinapita humo humo ndani ya nyumba bila kwenda kuomba ruhusa seva ya nje. Zile za Zigbee pia, yaani zinazoongea kwa redio yao badala ya waifai, zinataka kikasha chake cha kuziongoza, lakini kitufe na taa zinaweza kufungwa pamoja zikaelewana zenyewe. Sisemi zina raha kuliko nyingine kuziunga, zangu za sasa zilinisumbua pia, ila zimepita jaribio la ruta.

Plagi ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote na sina lawama kubwa. Zina kitufe cha kubonyeza ubavuni kinachokata umeme moja kwa moja, seva iwepo isiwepo. Na zile 2 nilizoongeza zinapima matumizi. Nikaiweka moja kwenye dekoda, dekoda imezimwa kwa rimoti, taa nyekundu tu mbele, nikakuta inakula wati 12. Piga hesabu, wati 12 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 8.64 kwa mwezi, kwa kitu ambacho nilidhani kimezimwa. Sasa plagi inakikata usiku yenyewe. Tahadhari moja tu, soma ampea zilizoandikwa nyuma. Ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 mwisho wake ni wati 2300, birika la umeme la wati 2200 limeshafika ukingoni, niliishika yangu baada ya birika kuchemka ilikuwa ya moto mpaka nikatoa mkono. Vitu vya kupasha moto peleka soketi ya kawaida.

Spika sitaipigia debe. Haijui Kiswahili, na nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, kwa hiyo taa zote nilizipa majina ya Kizungu ili isikie, na mama mwezi mzima hakuitumia hata mara moja, alikuwa anamtuma mjukuu aiseme. Kitu kinachosikiliza nyumba nzima kikashindwa kumsikia mkubwa wa nyumba hakijanifaa. Na wenye Echo, zile spika za Amazon, wajue tu kwamba tarehe 28 Machi 2025 Amazon waliiondoa ile setingi iliyokuwepo kwenye baadhi ya spika ya kutopeleka sauti kwao, sasa unachosema baada ya kuiita kinaenda. Yangu nimeiweka jikoni, kazi yake ni kuhesabu dakika na kucheza redio.

Kamera, picha safi mchana, usiku pia si mbaya ila zile taa zake za infraredi zinavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, buibui anatanda utando mbele ya lenzi, na upepo ukitikisa uzi mmoja simu inaniambia kuna mtu mlangoni. Wiki moja nilipata notifikesheni zaidi ya 200 na zote ni uzi ule. Nafuta kila Jumapili kwa kitambaa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wakati nanunua boksi liliandika video zinahifadhiwa siku 7 bure, mwezi wa 10 ikaja apdeti, ukaukubali mkataba mpya ndo apu ifunguke, na siku 7 zikawa saa 24, zaidi ya hapo ulipie kila mwezi. Bahati nzuri ina sehemu ya kadi ya memori, nikaweka kadi na video zinakaa humo. Kamera isiyo na sehemu ya kadi singeichukua hata kwa kupewa.

Kwa leo nyumba iko hivi: balbu 4 nimezitoa nikarudisha LED za kawaida na swichi zimevuliwa gundi. Balbu 2, ya korido na ya chumba cha binti, ni mpya, za Matter, saa 4 bado zinashuka asilimia 5, lakini rangi nimeitoa kwenye nyekundu nikaweka njano, na ukizima swichi mara moja ukawasha zinarudi nyeupe mwanga wote. Nilimpigia mama kumweleza, akasema, "Basi nikija nitazima mwenyewe."