Hana ML kwenye santuri za zamani, uzoefu wangu

Nianze na bei maana ndo kila mtu anauliza. Hana ML, katriji ya pleya ya santuri, ilipotoka 2019 Marekani walikuwa wanaiuza dola 1,200, kwa hela yetu piga kama milioni tatu hivi, hapo usafiri na ushuru bado, na ukifungua boksi unakutana na kidude cheusi cha gramu 9.5. Wife alikiangalia akauliza "na spika zake ziko wapi?" nikajifanya natafuta bisibisi.

Kwa ambao hamjui, katriji ni kile kidude cha mbele ya mkono wa pleya kinachobeba sindano. Katriji za kawaida, zile MM, sumaku ndo inacheza na koili zimetulia, hii ni MC, koili ndogo kabisa zimefungwa kwenye kijiti cha sindano na ndo zinazocheza. Kinachotikisika kinakuwa chepesi kwa hiyo sindano inafuata mfereji bila uvivu. Ubaya wake umeme unaotoka ni kiduchu, milivolti 0.4 tu wakati MM inatoa 4 mpaka 5, sasa ukiichomeka kwenye amplifaya yenye fono (tundu la kuchomekea pleya) ya MM peke yake utazungusha volyumu mpaka mwisho na utachosikia ni bendi iko mtaa wa pili na mvumo wa umeme umekaa sebuleni kwako.

Kwa hiyo jamani bajeti isiishie kwenye katriji. Mimi natumia Technics SL-1200 ya zamani, mkono wake unaelewana nayo vizuri tu, nikanunua na prii-ampu ya fono, kile kiboksi cha kukuza umeme wa katriji kabla haujafika kwenye amplifaya, yenye desibeli 60 na swichi za kuchagua mzigo, yaani ukinzani wa umeme ambao katriji inakutana nao. Kiwanda kinasema mzigo uwe zaidi ya omu 100. Kwenye 100 yenyewe besi ilikuwa nene lakini matoazi yamelala, nikapandisha kwenye 400 na hapo ndo nimebaki. Uzito wa sindano kuikandamiza santuri ni gramu 2, tafuteni mizani ndogo ya dijitali, zile namba za kwenye mkono ni za kukadiria. Kuifunga rahisi, matundu yake yana nyuzi za skrubu tayari so huhangaiki na nati zinazodondoka chini ya meza.

Haya sauti sasa. Wengi wanasifia besi au ving'ora vya matarumbeta, sawa vipo, ila mimi kilichonimaliza ni wimbo wa mwisho wa kila upande. Santuri ya LP inazunguka kwa mwendo uleule, mizunguko 33 na kitu kwa dakika, lakini ukikaribia katikati mduara unakuwa mdogo, yaani muziki wa sekunde moja unabanwa kwenye kipande kifupi cha mfereji. Sindano ya mviringo inashindwa kuingia kwenye vikona vile vidogo ndo unasikia herufi S za mwimbaji zinakwaruza kama mtu anapasua karatasi. Hii ina ncha ya Microline, nyembamba sana pembeni, inaingia. Kuna LP za rumba nilikuwa nazizima kabla hazijaisha, sasa naziacha zinafika mwisho na sebene lote nalisikia, gitaa la solo huku, la ridhimu kule, hazigombani.

Kingine ambacho sikukitarajia, baadhi ya santuri chakavu zimepungua makelele. Ncha ya namna hii inagusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano za zamani hazikuifikia kwa hiyo pale bado pazima. Baadhi nimesema. Zile 45, santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za dansi za bendi zetu zilizochapwa Nairobi miaka ya 70, ambazo zimepigwa kwenye baa na gramafoni zenye sindano nzito mpaka zimegeuka kijivu, hapo hakuna katriji ya kuziokoa, na hii itakuonyesha kila kovu bila huruma. Tena kama tundu la katikati limetobolewa upande, filimbi na saksafoni zinayumba na utasikia vizuri kabisa zinavyoyumba. Kwa 45 za mono bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya kama unayo, makwaruzo mengi yanapungua palepale, bure.

Kama santuri zako nyingi ni za aina hiyo ningekwambia chukua Denon DL-103, ni MC pia, ilibuniwa kwa ajili ya redio ya Japani NHK miaka ya 60 na hawajaacha kuiuza, sindano ya mviringo, gramu 2.5, haina makuu, na bei ni ndogo kuliko hii kwa mbali. ML ni ya mtu mwenye LP safi na anaziosha. Anaziosha kwelikweli, sio kufuta na kanga.

Na jambo moja la mwisho kabla hujatoa hela, sindano ya hii huchomoi ukaweka nyingine kama ya MM. Ikiisha au ikivunjika unaipeleka nje kwa fundi wa kubadilisha ncha au unanunua katriji nyingine. Kwangu ile plastiki ya kuikinga inarudi kila nikimaliza, na dada wa kazi ameshaambiwa vumbi la pale juu ya pleya sio lake, ni langu.