Rekoda ya mfukoni kwa kukusanya simulizi za mto: nzuri, ila usiipeleke ukingoni

Nina hii rekoda miezi mitatu sasa, nazunguka nayo kwa wazee kurekodi simulizi za mto wao, nani alikuwa anavusha watu, wapi palichotwa maji, mafuriko yalibeba nini, kwa hiyo siongei kama mtu aliyefungua boksi jana. Jina la kampuni naliacha, hizi za maiki mbili kichwani zimefanana kama mapacha.

Kilichonifanya niipende ni kwamba inarekodi kwa 32-bit float, mfumo unaobeba sauti ndogo sana na kubwa sana bila kupasuka, yaani huhangaiki kabisa kupanga levo (ukubwa wa sauti inayoingia). Mzee mmoja alikuwa mvushaji, anaongea taratibu karibu na kunong'ona, nikamuuliza sasa babu, mtu akiwa ng'ambo anakuitaje? Aisee akakinga mikono mdomoni akapiga ule ukelele wa kuita mtumbwi, mi nikaruka! Kwa rekoda yangu ya zamani ya 16-bit hapo sauti ingepasuka na ikishapasuka ndo basi, haitengenezeki. Kwa hii nilifika nyumbani nikashusha levo kwenye kompyuta, ukelele uko safi, mnong'ono nao nikaupandisha ukasikika vizuri tu.

Sasa ubaya wake. Inasikia kila kitu, hata usichotaka. Siku ya kwanza nikajifanya mjanja, nikamkalisha bibi mmoja ukingoni kabisa eti mto usikike nyuma yake, na hedifoni sikuvaa. Nyumbani nasikiliza ni shhhhh mwanzo mwisho, bibi yuko kwa mbaali. Ile swichi ya kukata sauti za chini ya 80 Hz, yaani zile nzito kabisa, inapunguza mngurumo wa upepo na magari, lakini maji yanayopita kwenye mawe yana sauti nzito mpaka nyembamba zote kwa pamoja, ukiyakata unamkata na mtu. Nikarudi kumwomba asimulie tena, akasimulia bila kinyongo, ila ikatoka fupi na kile kicheko cha katikati hakikurudi. Mpaka leo inaniuma.

Siku hizi namkalisha mtu nyuma ya ukuta au mbali na maji, rekoda iko kama shibiri moja kutoka mdomoni, iwekwe kwenye stendi maana ukiishika vidole vinasikika. Halafu mto naurekodi peke yake dakika tano tano, kwenye mawe, kwenye kina, kwenye kivuko, nakuja kuunganisha baadaye. Yule mvushaji nilimchezea vipande vitatu, akafumba macho akavitambua vyote, hiki ni pale kwenye mawe, hiki pa kina. Hapo nikaona hela yangu haikupotea.

Sponji inayokuja nayo ni ya mapambo tu, kwenye upepo wa mtoni tafuta ile kofia ya manyoya. Faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, nazo ni nzito, kwa 48 kHz stereo saa moja inakula kama GB 1.4, hamisha kila jioni na uweke kopi mbili. Menyu yake inakera, vitufe vidogo mno, mara mbili nimedhani inarekodi kumbe imesimama, na mzee ameshatoa ruhusa ya kurekodiwa, ametaja jina na kusimulia nusu ya hadithi.

Nyota nne. Ya tano nitaiweka wakiongeza taa nyekundu inayoonekana juani.