Gari kubwa la dizeli kwa bajeti ndogo: fungua rejeta kabla hujafungua pochi

Kila ikikaribia Desemba swali linalonifikia ni lilelile: familia imekua, IST haitoshi tena, ninunue gari gani kubwa la dizeli lisilonimaliza? Ikifika Januari wanaoandika ni wale waliokwisha kununua, na wanaandika wakiwa na uchungu. Malalamiko ya safari hii yamenikera kuliko yote kwa jinsi yanavyofanana. Gari lilikuwa linang'aa, AC inapuliza, muuzaji kalizungusha mtaani dakika chache, pesa ikatoka. Safari ya kwanza ya kwenda Mbeya likachemsha kwenye mlima Kitonga. Fundi akafungua, hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, imepasuka.

Kitonga haina uchawi. Unatoka Mikumi umeshiba barabara, unapita Ruaha Mbuyuni ambako joto ni kali, halafu unaanza kupanda ukiwa na watu saba, mabegi juu na lori mbele yako. Unapanda kwa gia ndogo, injini inafanya kazi nzito na upepo unaoingia kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, ni mdogo. Injini yenye ugonjwa wa maji inaweza kuzunguka Mikocheni miezi mitatu bila kukuonyesha kitu. Mlimani hapo inasema yote.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu rangi, redio wala viti vya ngozi. Ulaji wa mafuta nao siugusi, hayo kila mtu anauliza. Ninayapanga magari haya kwa jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa: injini inahimilije joto, na je, gari hili hapa mbele yako limewahi kuchemsha?

Kwa nini ni jambo kubwa hivyo? Injini nyingi za dizeli za Kijapani tunazonunua zina bloku (mwili wa injini) ya chuma na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka zaidi ya chuma. Gari likichemsha mara moja tu, hedi inaweza kupinda, gasketi iliyo kati ya hedi na bloku ikaungua, au ufa ukaanza kati ya valvu. Mwenye gari anaongeza maji, linapoa, linaendelea kutembea. Hapo ndipo analipeleka sokoni.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji tangu jana yake asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, mwambie utarudi kesho. Injini ikiwa ya baridi kabisa (ikiwa ya moto usithubutu, maji yatakuunguza uso), fungua mfuniko wa rejeta. Maji yafike hadi juu, tena yawe kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), ya kijani au nyekundu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, gari hilo limelishwa hivyo miaka. Ukikuta mafuta yanaelea, au ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, funga boneti uage.

Ukiwa bado hapo, mwambie aliwashe mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea kutoka bila kukoma, ni gesi ya kwenye silinda inapenya kuingia kwenye maji. Zima, funga mfuniko, washa tena, kisha minya ule mpira mnene wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili huku bado ni wa baridi, hedi au gasketi imekwisha, hata kama gari linatembea vizuri.

Usiuachie mkono mpira huo. Kwenye gari lisilo na ugonjwa, mpira wa juu unabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla unapata moto: thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, imefunguka, kwenye nyuzi joto 80 hivi. Ukiona unapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, thamostati imetolewa. Na hili, ndugu zangu, ndilo janga letu. Gari likichemsha kidogo, fundi anang'oa thamostati, anaunga feni moja kwa moja, anasema tatizo limekwisha. Ugonjwa umebaki palepale, kilichoondolewa ni dalili, na injini sasa inafanya kazi ikiwa ya baridi na kula dizeli zaidi. Dalali mmoja aliniambia usoni, "Dada, huku kwetu joto, thamostati haina kazi." Muscat na Dubai kuna joto kuliko Dar es Salaam, na Land Cruiser za kule zinatembea na thamostati zake.

Usitegemee mshale wa temperecha peke yake. Kwenye Toyota nyingi umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka, na ukianza kuinuka mara nyingi umechelewa. Pia chungulia mstari ambapo hedi inakutana na bloku. Silikoni mpya hapo kwenye injini "isiyowahi kufunguliwa" ni jibu tosha.

Sasa magari yenyewe. Sifichi, mimi ni mtu wa Toyota. Nina sababu: gari likiharibika Makambako saa kumi jioni, fundi wa Makambako anaijua injini hiyo, na spea yake inapatikana madukani Gerezani, Dar es Salaam, na inafika kwa basi la usiku.

Namba moja: HiAce yenye injini ya 5L au 3L

Hili ndilo gari ninalompendekezea mtu mwenye familia kubwa na pesa ya mawazo. Utalitambua kwa namba ya chasisi inayoanza na LH. 5L ina sentimita za ujazo 2986, 3L ina 2779, na zote hazina turbo. Zenye pampu ya kawaida isiyo ya umeme ndizo bora, kwa sababu hakuna kifaa cha kielektroniki cha kukuangusha porini. Bila turbo joto linalozalishwa ni dogo zaidi, na injini haijisukumi kupita uwezo wake. Ndiyo, ni nzito mlimani. Utapanda nyuma ya malori na utafika.

Hofu yangu kwa HiAce ni maisha yake ya nyuma. Iliyokuwa daladala imesimama na kuondoka vituoni kutwa nzima kwa miaka. Ukiona namba ya njano usiamini moja kwa moja kwamba lilikuwa la mtu binafsi, kwa maana namba nyeupe ya biashara inaweza kubadilishwa. Inua zulia utazame sakafu: matundu ya boliti za viti vya ziada hayafutiki kirahisi. Tazama na bati la mlangoni pale konda anapokanyaga.

Tena usichanganye LH na KZH. Ile Super Custom yenye mapazia na viti vya kuzunguka, inayowavutia watu wengi, mara nyingi ni KZH, yaani injini ya 1KZ-TE. Hiyo naieleza huko chini.

Namba mbili: Prado au HiAce yenye 1KD

Chasisi zake ni KDJ kwa Prado na KDH kwa HiAce. Injini ya lita 3.0, ina nguvu, na kwa upande wa joto ni afadhali sana kuliko 1KZ-TE iliyoitangulia. Kama pesa yako inafika hapa, chukua. Ugonjwa wake uko kwingine. Chini ya nozeli kuna washa (pete) ndogo za shaba. Zikichoka, moshi wa kwenye silinda unavuja na kuchafua oili, masizi yanaziba chujio la pampu ya oili lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili ikiwa inakimbia. Watu wanalia kwamba injini ya Prado imenoki, yaani imekufa, bila sababu. Sababu ipo, na ni washa za bei ndogo ambazo hakuna aliyezibadilisha.

Kabla ya kulipa, omba sampu ifunguliwe na chujio litazamwe kwa macho. Muuzaji atanung'unika. Mlipe fundi wako mwenyewe kwa kazi hiyo. Uliza pia taimingi belti ilibadilishwa lini, maana kwenye injini hii ni ya kila kilometa 150,000, na kilometa zilizoandikwa kwenye dashibodi mimi siziamini.

Namba tatu, kwa masharti: 1KZ-TE

Prado za KZJ, Hilux Surf za KZN, na Super Custom. Ni magari mazuri kuendesha, yana nafasi, na bei yake mkononi imeshuka. Lakini hii ndiyo injini inayoongoza kwa hedi kupasuka, na mengi ya malalamiko niliyopokea ni yake. Nakubali mtu ainunue katika hali moja tu: hedi imeshabadilishwa kwa hedi mpya, risiti ipo, na rejeta, thamostati na klachi ya feni (inayoikamata feni izunguke injini ikipata moto) vilibadilishwa wakati huohuo. Hedi mpya kwenye rejeta iliyoziba itapasuka kama ya kwanza. Klachi ya feni unaweza kuipima mwenyewe: injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma feni kwa kidole. Ikizunguka raundi nyingi bila upinzani, imechoka.

Baada ya hapo, Mitsubishi Pajero. Yenye 4M41 ya lita 3.2 ni gari la heshima na ina viti vya watu saba. Ya zamani yenye 4M40 ya lita 2.8 inatumia cheni badala ya belti, jambo ninalolipenda, ila joto nayo inaliogopa. Tatizo ni kwamba nje ya miji mikubwa utamtafuta fundi wa kweli wa Pajero kwa tochi. Kwa Nissan Caravan, zile za zamani za TD27 na QD32 ni ngumu. ZD30 niliwakataza ndugu zangu na ninakukataza na wewe.

Mazda CX-5 ya dizeli inaulizwa sana siku hizi kwa sababu ni nzuri, ni ya kisasa na inakula kidogo. Kwanza ni ya watu watano tu. Pili, ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na gari hilo lilitengenezwa likijua litakunywa dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kiliruhusu hadi 50. Chujio hilo linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijisafishe, sasa wewe unakaa saa mbili kwenye foleni ya Mbagala. Likiziba, mafundi wanalitoboa. Silipendekezi.

Za bei ya chini kabisa sitazipa nafasi kubwa. Noah ya zamani yenye chasisi ya CR ni dizeli ya 3C turbo, injini iko chini ya viti vya mbele na hedi yake ni dhaifu kwa joto. Iache. Noah ya SR ni petroli, hiyo ni habari nyingine. Isuzu Bighorn yenye 4JX1 inasukuma nozeli zake kwa oili ya injini na haivumilii oili ya kubahatisha. Iache pia, hata ukipewa kwa mkopo wa taratibu.

Na sasa niseme kuhusu bei, kwa kuwa hili linaniuma. Nani aliamua kwamba gari lipangiwe bei kwa herufi ya namba? Prado mbili za mwaka mmoja, injini moja, moja ni namba C na nyingine namba E, ya pili inauzwa kwa mamilioni zaidi. Herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haionyeshi lini lilitengenezwa wala lilitunzwaje. Kuna namba C zenye kumbukumbu za kila sevisi, na kuna namba E zilizofika juzi tayari zimechoka.

Kodi nayo inatusukuma kwenye mikono ya wauzaji na madalali hawa. Ukiagiza gari la familia lenye zaidi ya miaka 10 unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini iliyozidi sentimita za ujazo 2000, ushuru wa uchakavu asilimia 30, na VAT asilimia 18 inakuja juu ya yote hayo. Mwalimu au muuguzi hawezi. Anabaki kununua mkononi, na huko mkononi hakuna anayemlinda. Muuzaji anaosha injini kwa presha hadi inang'aa, kila alama ya uvujaji inafutika, halafu anakataa fundi wako asiguse kitu kwa kuwa "gari ni safi". Mtu anayeuza kitu cha mamilioni ana wajibu wa kuacha kitazamwe. Mimi injini iliyooshwa asubuhi ileile ninayokuja kuitazama huwa siinunui.

Fundi awe wako, si wa yadi wala rafiki wa dalali, na mlipe hata kama gari hukulichukua. Ukilichukua, kabla ya safari yoyote ya mbali badilisha thamostati, weka kulanti, na nunua mfuniko mpya wa rejeta. Watu wanaudharau mfuniko huo, wakati ndio unaoshika presha inayofanya maji yasichemke mapema. Feki zimejaa madukani, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa juu ya mfuniko na uhakikishe ndiyo inayotakiwa na gari lako: penye 0.9 weka 0.9, penye 1.1 weka 1.1.