Tathmini ya mafunzo kwa vitendo katika klabu ya Ligi Kuu, Dar es Salaam

Klabu niliyopangiwa, ambayo sitaitaja jina, ni miongoni mwa zile za Ligi Kuu zenye ofisi jijini Dar es Salaam, na tathmini hii nawaandikia wanafunzi wenzangu wa usimamizi wa michezo ambao bado wanatafuta kituo cha mafunzo. Siku ya mechi utajifunza mengi. Siku nyingine utajitafutia kazi mwenyewe.

Kilichonifaa zaidi ni kikao cha maandalizi ya mchezo. Kamishna wa mchezo, waamuzi na viongozi wa timu zote mbili huketi pamoja, jezi za wachezaji na za makipa zikawekwa mezani ili rangi zisigongane, kisha ndipo huzungumziwa ulinzi, gari la wagonjwa na saa ya kufungua mageti. Nilikabidhiwa kuandika kumbukumbu za kikao hicho, na baadaye nikasimama getini katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watazamaji 60,000, nikaona jinsi neno moja lililopuuzwa kikaoni linavyokwamisha foleni nzima. Nilipoanza chuo niliutamani uofisa habari. Sasa nataka uratibu wa mashindano, tena kwa dhati, hasa kwa kuwa AFCON ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Ofisini mambo yalikuwa tofauti. Tulitoa nakala, tukapeleka barua, tukakunja jezi za dukani bila yeyote kutueleza mapato yake yana uzito gani katika bajeti ya klabu. Nauli na chakula vilikuwa juu yetu, jambo ambalo si dogo kwa anayetoka Mbagala kila asubuhi. Msimamizi alisaini kitabu changu cha kumbukumbu kwa mkupuo siku ya mwisho, bila kusoma ukurasa hata mmoja. Mwenzangu, shabiki wa soka kunizidi, hakuwahi kuingizwa kikaoni. Alipouliza ajira hupatikanaje klabuni alijibiwa “tutaona”, na sasa anaomba kazi benki. Simlaumu, maana alichokiona yeye ni mashine ya nakala tu.

Kwa anayeomba nafasi hapo, barua yako itaje idara ya mashindano, na kabla ya kukubali uliza ni nani atakayekusimamia na kama utaruhusiwa kuhudhuria kikao cha maandalizi.