Umevua ranflati? Kamba, chupa na spea kwenye mizani

BMW E90 (saluni ya 3 Series) iliyotoka kiwandani na matairi ya ranflati haina spea, haina jeki, haina spana ya magurudumu. Kiwanda kilitegemea zile kilomita 80 ambazo tairi lenye ubavu mgumu hutembea bila upepo, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Ukifunga matairi ya kawaida gari linalainika kwenye viraka vya lami, ila kilomita hizo huna tena. Tairi la kawaida likiisha upepo, ubavu husagwa kati ya rimu na barabara, na mita mia chache zinatosha. Fundi akilivua anakuta unga mweusi wa mpira ndani. Hapo hata tundu liwe la kimsumari, tairi ni la kutupa. Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani: simama mara moja.

Seti ya kamba za pancha (vipande vya kamba ya mpira vya kuziba tundu) ndiyo inayostahili alama ya juu. Nunua yenye mipini ya chuma; ya plastiki huvunjika mkononi, maana nyuzi za chuma za tairi hushika kwelikweli. Pancha ikiwa mbele, kata usukani mpaka mwisho ili tairi litokeze. Ikiwa nyuma, sogeza gari nusu mita mpaka msumari uonekane. Ung'oe kwa plaizi huku ukiangalia umeingia kwa pembe gani, kwa kuwa tupa (ya kukwaruza tundu) na sindano (ya kupitishia kamba) lazima zifuate njia ileile. Ingiza tupa, itoe na kuirudisha mara 6 au 7. Pitisha kamba kwenye sindano mpaka nusu, ipake solusheni, isukume mpaka nje zibaki ncha za sentimita moja na nusu, kisha chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Ukivuta polepole, kamba nayo inatoka. Kata ncha zibaki milimita 3, jaza upepo, paka maji ya sabuni (mate pia yanafaa). Vipovu vikiendelea, ongeza kamba ya pili tundu lilelile.

Kamba ni ya sehemu inayokanyaga barabara tu, tundu lisizidi milimita 6. Begani au ubavuni usijaribu. Na ukifika mjini, mwambie fundi alivue tairi, alikague ndani na aweke kiraka cha uyoga (kiraka cha ndani chenye shina linaloziba tundu).

Bila pampu, kamba ni pambo. Pampu ndogo za soketi ya kuwashia sigara huchukua dakika kadhaa kujaza tairi la inchi 17 na hupata moto; washa pampu wakati injini inanguruma, na uipumzishe. Za klipu za betri zina nguvu zaidi, ila betri ya E90 iko kwenye buti, upande wa kulia. Kama waya haufiki tairi la mbele, tumia nguzo chanya iliyo chini ya boneti. Ukimaliza, seti upya mfumo wa onyo la tairi. Kwenye E90 nyingi mfumo huo unalinganisha mizunguko ya magurudumu, hausomi presha, hivyo matairi yote manne yakipungua upepo pamoja, mfumo utanyamaza.

Chupa ya dawa ya kuziba tunaipa alama ya chini. Kwa tundu dogo inafanya kazi, lakini ina tarehe ya mwisho, inamwachia fundi uji wa kuosha kabla ya kubandika kiraka, na tundu likiwa kubwa inamwagikia lami. Ibaki akiba ya usiku, mahali ambapo kuinama kando ya barabara ni hatari kuliko pancha yenyewe.

Kwa safari ndefu, spea nyembamba ina haki ya kula nafasi ya buti. Ifunge kwa mkanda isirukeruke. Hakikisha ina matundu 5 ya bolti kwenye duara la milimita 120 na kitovu (tundu la katikati) cha milimita 72.6, na urefu wa bolti uendane na rimu hiyo: bolti ndefu mno nyuma hugonga breki ya mkono iliyo ndani ya diski. Jeki iwekwe kwenye vile vitako vinne vya plastiki, la sivyo utakunja kizingiti cha chini ya mlango. Spana ni ya milimita 17. Legeza bolti kabla ya kuinua gari, na baada ya kulishusha zikaze kwa 120 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza).