Kidude cha waifai cha USB kwa kompyuta ya zamani, kinasaidia kweli

Kama uko na desktopu ya kitambo hapa Kisumu na haina waifai usiitupe jameni, hiki kidude cha USB kinatosha kabisa. Nilikitoa kwa duka la vifaa vya simu pale Kondele nikachomeka kwa kompyuta ya mathe, Windows 7, na sasa anaangalia video za kanisa bila shida. Noma ni draiva, ile programu ya kufanya kompyuta ikitambue, inakuja kwa CD na mashine nyingi za hivyo sehemu ya CD ilishakufa kitambo, kwa hivyo waambie wakuwekee kwa flashi hapo hapo dukani, yule kijana hana maringo atakusaidia. Pia kinashika 2.4 GHz peke yake, ile waifai ya 5 GHz hata hutaiona kwa listi, usidhani kimeharibika, washa tu 2.4 kwa rauta. Ukikichomeka mbele ya CPU badala ya nyuma kwa ukuta netiweki inapanda, na kale ka-taa kake ka bluu kanawaka-waka. Lakini Windows 7 Microsoft waliacha kuipa apdeti za usalama Januari 2020, kwa hivyo mambo ya benki fanyia kwa simu tafadhali.